Zaidi ya kilomita 500 hadi chemchemi ya Chemka, Kilimanjaro, naambiwa "wewe baki ulinde viatu"!!!

Kidevu Kikavu:
Wakuu, naandika hapa nipo stendi ya Boma Ng'ombe, kaptura yangu kavu. Siyo kwamba imekauka. Haikulowa! Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Simtaji mtu jina, hana haja ya kutajwa. Nikisema "nitarusha jioni" nusu ya jukwaa hili imeshajua inamdai shilingi ngapi.

Tumepanga safari miezi mitatu, 80,000 kila kichwa, mweka hazina yeye, kajiteua. Tumetoka Dar saa kumi alfajiri, watu saba kwenye Noah, mimi nikasukumwa kiti cha nyuma kabisa na trei ya mayai mapajani. Mayai 30! Kwa sababu mheshimiwa alituapia kwamba maji ya pale yanachemka, "jina lenyewe si Chemka?", kwa hiyo tutachemshia humo humo. Kutoka Chalinze mpaka Himo nimeyabeba kama mama wa mapacha, kila tuta roho inaniruka. Karibu na Same trafiki katupiga tochi, faini 30,000, yeye ndiye dereva, akageuka akaniangalia MIMI. Mimi na mayai yangu.

Haya, tumefika. Mliokwenda mnajua, ukiiacha lami ni vumbi na miiba, unaanza kujuta, mara mikuyu hiyo hapo, mizizi imejitumbukiza majini, maji ya bluu unaona hadi mchanga wa chini. Nikasema Mungu fundi. Nikaanza kuvua shati. Nipo kifungo cha pili, akageuka, kaptura imempanda hadi kwenye mbavu, akasema mbele ya shemeji, mbele ya vijana wa kukodisha maboya, mbele ya yule dada wa uhasibu ambaye ndiye SABABU ya mimi kuchanga hiyo 80,000:

"Wewe si hujui kuogelea? Baki ulinde viatu."

VIATU wakuu. Nilinde viatu!

Jozi sita, ya saba nimeivaa. Nimezihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Za kwake ni yeboyebo, la kushoto limeshonwa kwa waya. Nani anaiba hizo? Tumbili wenyewe waliziruka wakaenda kwenye chipsi.

Wakaja watalii wawili, wakaona mtu amekaa na viatu vimepangwa mstari, wakadhani ndio utaratibu wa pale. Wakavua vya kwao wakaviweka mwisho wa foleni. Wanaondoka wakanipa 2,000. Nimepokea, msiniulize.

Na maji yenyewe HAYACHEMKI. Vuguvugu la kuogeshea mtoto mchanga. Yai limekaa humo saa nzima ndani ya soksi, kulipasua limetoka kama lilivyotoka kwa kuku. Nimecheka peke yangu, pale pale kwenye viatu.

Mtu mzima, nina NIDA, nina watoto wa dada wananiita anko. Baki ulinde viatu. Sirudi na ile Noah, napanda basi.

Mama Ubuyu:
Pole kaka. Swali moja tu, kuogelea unajua au hujui?

Kidevu Kikavu:
Hilo siyo suala.

Mama Ubuyu:
Hahahaaa hajui huyu.

Bwana Kifurushi:
Mkuu kwa jozi moja unachukua bei gani? Msikitini kwetu Ijumaa viatu vinapotea sana, njoo inbox tuongee.

Chapa Lapa:
Ngoja kwanza. Yeboyebo la kushoto lina waya??? Huyo ana 45,000 yangu tangu Sabasaba! Yupo Chemka anaogelea na hela yangu? Kila siku ananiambia anauguza.

Nipo Siti ya Kati:
Mimi nilikuwemo kwenye hiyo Noah. Mayai manne kayavunja mwenyewe kwa kusinzia pale Mombo, hilo kaliruka. Halafu wazo la kubaki na viatu halikuwa la huyo unayemsema. Alinong'onezwa na dada wa uhasibu.

Bwana Kifurushi:
UWIIIII

Mama Ubuyu:
Uzi ufungwe jamani, mtu apumzike.

Kidevu Kikavu:
Hakuna aliyekuuliza wewe wa siti ya kati. Na ni mayai matatu.

Jirani wa Rundugai:
Sisi wa huku tunawashangaa sana. Ile ni chemchemi, siyo sufuria. Maji yanapanda kutoka chini na joto lake kidogo basi. Nayo yanaingia mto Kikuletwa yanashuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo mnapotumbukiza soksi yenye yai humo mjue na perege mnaokula wameinywa.

Kijana wa Mbalizi:
Mnahangaika na vuguvugu la kaskazini wakati kwenye chemchemi za Songwe, Mbeya, maji yanaunguza kweli! Huku yai linaiva, na ukimaliza kuna pango la popo. Ila kwa kuwa si njia ya Kilimanjaro, hamuoni.

Wa Nakuru:
Ndugu zetu, njooni Ziwa Bogoria. Pale mtu anachemsha mayai akitazama heroe, na maji yanaruka juu yenyewe. Hata Olkaria mvuke wa ardhini unatupa stima, umeme mnaouita nyinyi, tangu 1981. Nyinyi mvuke mnafanyia nini?

Kijana wa Mbalizi:
Mkenya akiingia kwenye uzi wowote lazima aingie na stima. Uzi unahusu viatu!

Dada wa Forodhani:
Afadhali viatu. Mimi nilikwenda Unguja na mashosti, nikaambiwa "wewe una mkono mzuri", nikashikishwa simu zao zote. Nimewapiga picha zaidi ya 400, mimi simo hata moja. Moja nimo, ni kivuli.

Chapa Lapa:
Mimi nilichanga harusi 100,000, kufika nikaambiwa wali umeisha, nikapewa soda ya moto na kofi la bega. Mchangishaji ni nani? Yeboyebo!

Mama Ubuyu:
Kumbe na wewe? Kwangu alichangisha kipaimara.

Kidevu Kikavu:
Wakuu turudi kwenye mada. Basi halijaja bado, nipo.

Dada wa Forodhani:
@Chapa Lapa soda ya moto ya rangi gani? Maana na mimi nilipewa nyekundu.

Dalali wa Ilala:
Samahani wakuu, hiyo Noah ni old model au new model? Mwenyewe anauza?

Nipo Siti ya Kati:
Old model. Mlango wa pembeni haufunguki kwa nje, ila injini haina tatizo.

Dalali wa Ilala:
Nitumie picha.