Tupeane uzoefu: mliopata ukaazi wa kudumu nje kwa kudhaminiwa na mwajiri, ilikuwaje?

Mzabibu wa Hombolo (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Nina mdogo wangu, fundi wa kuchomelea, kasoma chuo cha ufundi VETA hapa Dodoma na kapiga kazi kwenye ujenzi wa SGR. Amepata barua pepe ya kampuni ya nje inayosema itamdhamini viza, na "baadaye" atapata makaratasi ya kudumu. Hiyo baadaye ni lini na kwa njia ipi, hakuna palipoandikwa. Wazee Hombolo wameshaanza kuongelea kuuza kipande cha shamba la zabibu. Mimi ndiye nimetakiwa nitoe neno la mwisho kwenye kikao cha familia, na kwa kweli sina.

Habari za kuzamia melini na kujilipua (kwenda kuomba ukimbizi) naomba tuziweke kando, nyuzi zake zipo tele. Nawataka waliopita mlango wa mwajiri: uliingia na viza gani, nani alilipa nini, na siku ya kuomba ukaazi mwajiri alisimama na wewe au alikuruka? Mawakala msiweke namba za simu humu.

Fundi Mitambo

Mtoto wa Manyoni hapa, nipo Kalgoorlie, Australia. Kabla ya hapo nilikuwa migodini Geita, mitambo mizito.

Niliingia na viza namba 482. Hii ni ya muda na inaenda na mwajiri. Desemba 2024 waliibadilisha jina na baadhi ya masharti, sasa inaitwa Skills in Demand, namba ileile. Ukaazi wenyewe ni namba 186. Nyumbani watu wanazichanganya sana, mtu akipata 482 ukoo unachinja mbuzi wa ukaazi.

Ipo njia ya kuomba 186 moja kwa moja ukiwa bado Tanzania, ukiwa na tathmini ya ujuzi na uzoefu wa miaka 3. Lakini mwajiri wa kukupa kitu cha kudumu wakati hajakuona hata ukishika spana ni wa kutafuta kwa tochi. Kawaida anakujaribu kwanza kwa 482, ukimaliza miaka 2 anakupendekeza. Zamani ilikuwa 3, ikashushwa Novemba 2023. Na tangu Desemba 2024, ukihama kwenda kwa mdhamini mwingine aliyeidhinishwa, muda wako wa nyuma unahesabika.

Sasa shika hapa. Miaka 2 peke yake haikupi kitu. Lazima mwajiri apeleke pendekezo, na hakuna sheria inayomlazimisha kufanya hivyo. Bosi wangu wa kwanza alikuwa mtu poa, Jumamosi tunachoma nyama kwake, lakini kila nikigusia 186 jibu ni "tutaongea mwakani". Mwakani ilifika ikapita, na bado ananichekea. Nikahamia kampuni nyingine ambayo iliandika kabisa ndani ya mkataba kwamba nikitimiza muda na utendaji wangu ukiwa mzuri watanipendekeza. Hao ndio walionipa. Urafiki wa bosi haupelekwi uhamiaji.

Upande wa pesa, kuna tozo ya mafunzo ambayo mwajiri anailipa serikalini anapokupendekeza kwa 186: dola 3,000 za kule kwa kampuni ndogo, 5,000 kwa kubwa. Sheria inamkataza kukudai uirudishe. Ada ya viza yako unaweza ukalipa mwenyewe, hiyo ni halali. Na Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa kudhaminiwa kilipandishwa hadi dola 76,515 kwa mwaka. Kwa hiyo mkuu, kama barua ya dogo inataja Australia na mshahara ni nusu ya hapo, chana.

Halafu kuna mtihani wa Kiingereza, IELTS, alama 6 kila kipengele. Hiyo ilinitoa jasho kuliko injini yoyote niliyowahi kufungua.

Mzabibu wa Hombolo

Asante sana mkuu, hili la mkataba nimelinakili. Nchi iliyotajwa ni Kanada. Barua inasema viza ya kazi tu, na kuna "gharama za faili" anazotakiwa kutuma kwanza.

Nkuhungu Mwisho

Hapo kwenye gharama za faili ndipo ngoma ilipo.

Kwa kazi nyingi mwajiri wa Kanada anatakiwa awe na kibali kinaitwa LMIA, kinachoonyesha alitafuta mtu wa hukohuko akakosa. Ada ni dola 1,000 kwa kila nafasi, analipa mwajiri, na haruhusiwi kukukata wewe. Mwambie dogo aombe nakala ya hiyo LMIA, hata kwa upole tu. Kampuni ya kweli inayo au itasema haijaipata bado.

Jambo la pili, wengi hawajalisikia. Zamani ofa ya kazi ilikuwa inakuongezea pointi 50, kwa vyeo vya juu hadi 200, kwenye Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuchagua waombaji wa ukaazi kwa pointi. Ndiyo maana kukazuka biashara ya kuuza LMIA. Tarehe 25 Machi 2025 zile pointi zikafutwa. Anayekuuzia ofa leo kwa hoja ya pointi anakuuzia gazeti la juzi. Zimebaki programu za majimbo, na ile ya Atlantiki (Nova Scotia, New Brunswick, Prince Edward Island, Newfoundland na Labrador) ambako mwajiri aliyeidhinishwa anakupa ofa bila LMIA na unaomba ukaazi moja kwa moja. Shemeji yangu yuko Moncton kwa njia hiyo, ila yeye alisoma chuo hukohuko.

Sista wa Kongwa

Mimi ni nesi, Ujerumani, jimbo la Saxony.

Nianze na ambalo mawakala hawalisemi. Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya. Ile ya 2023 ina nchi 55, na Uingereza na Ujerumani zote zinaifuata. Kwa Ujerumani, kampuni binafsi hairuhusiwi kuja kwetu kukusanya manesi. Lakini wewe binafsi kuandikia hospitali hakuna anayekuzuia. Kwa hiyo akitokea mtu amekodi ukumbi hapo Dodoma anasema katumwa kuchukua wauguzi, kunywa chai yake, kula sambusa, nenda nyumbani.

Kijerumani nilisoma Dar, taasisi ya Goethe, huku nafanya kazi Dodoma, enzi hizo SGR bado, ni basi la usiku. Niliandikia hospitali nyingi, ikajibu moja ndogo. Diploma yangu ikapimwa, ikarudi na barua ya mapungufu: saa za vitendo kwenye baadhi ya wodi hazikutosha. Hiyo inawakuta wengi, msilie. Unaingia na viza ya kukamilisha utambuzi wa cheti, unafanya kazi kama msaidizi huku unasoma, halafu mtihani. Mshahara wa msaidizi si wa nesi, na nyumbani hawaelewi kwa nini hutumi hela ilhali uko Ulaya. Mama alidhani nimeolewa kimyakimya.

Kwenye ukaazi: tangu Novemba 2023 mwenye taaluma inayotambuliwa anaomba baada ya miaka 3, zamani 4. Uwe umechangia pensheni miezi 36 na uwe na Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati. Lakini hiyo miaka inaanza siku unapopewa kibali cha mtaalamu kamili. Muda wa usaidizi hauhesabiwi. Wenzangu wawili walikuwa wanahesabu tangu uwanja wa ndege, wakaenda ofisi ya wageni wamevaa vizuri na keki iko nyumbani inawasubiri. Tuliila hivyohivyo.

Tofauti na kwa kaka wa Kalgoorlie, huku mwajiri hapendekezi. Unaomba mwenyewe, yeye anathibitisha tu kwamba una kazi. Ila mkataba wangu ulikuwa na kipengele kwamba nikiondoka mapema narudisha gharama za kozi. Someni hadi ukurasa wa mwisho, hivyo vipengele vinakaa huko.

Dada wa Chang'ombe

Uingereza, kutunza wazee, nilikuja 2022 na mume na mtoto.

Kampuni iliyonileta ilinyang'anywa leseni ya kudhamini. Kosa lao, adhabu yangu. Barua ikaja: siku 60, upate mdhamini mwingine au uondoke. Nilitembea nyumba za wazee mji mzima na wasifu wangu ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Walionichukua swali lao la kwanza halikuwa uzoefu, ni kama naendesha gari, maana kazi ilikuwa ya kuzungukia wazee majumbani. Leseni ya udereva niliyoichukulia Dodoma kwa ajili ya bajaji ya biashara na gari la shemeji ndiyo iliyoniokoa, kwa mwaka wa kwanza wanaitambua.

Miaka yangu haikufutika. Ile 5 ya kuomba ukaazi inajumlishwa hata kwa waajiri tofauti, mradi kila mmoja alikudhamini na hukukaa nje ya nchi zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote. Msiba wa nyumbani ukikuita, nenda, lakini hesabu siku zako.

Mleta mada asije akamleta dogo kwa mlango wangu, umefungwa. Tarehe 22 Julai 2025 walisimamisha kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje ya nchi. Kwa kazi nyingine nyingi za ujuzi kima cha mshahara kikapanda hadi pauni 41,700. Mei 2025 serikali ilitangaza inataka ile miaka 5 iwe 10. Sisi tuliomo tunaamka na kulala na habari hiyo, kwenye magrupu ya Watanzania huku hakuna mada nyingine.

Na wakala alinitoza hela nyingi kwa cheti cha udhamini. Tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kukudai ada ya cheti hicho. Ukidaiwa, omba waandike kwenye barua pepe uone watakavyopotea.

Mzee wa Bahi

Nawasoma wanangu. Swali moja. Mtu akishapata hiyo ya kudumu, bado ni Mtanzania?

Fundi Mitambo

Shikamoo mzee. Ndiyo, bado. Ukaazi haugusi uraia, pasi yangu ni ya Jamhuri ya Muungano hadi leo. Unapoteza pale unapochukua uraia wa kule kwa hiari yako. Ujerumani iliruhusu uraia pacha Juni 2024 na watu wakashangilia, lakini sheria ya kwetu haijahama. Mimi nimesimama kwenye 186 makusudi, kuna ardhi ya marehemu baba Manyoni sitaki niwe mgeni juu yake.

Kisasa B

Nyongeza ndogo kwa walioko Dodoma: linganisheni majina kwanza. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha form four na pasi viseme kitu kimoja, hata herufi. Kushughulikia hati ya kubadili jina wakati mwajiri anasubiri ni mateso. Na wa Uingereza, kipimo cha TB kinafanyika IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji) Dar, panga safari moja na alama za vidole.

Mzabibu wa Hombolo

Mrejesho: dogo ameomba nakala ya LMIA. Wamemjibu kwamba hiyo ni siri ya kampuni na wakapunguza gharama za faili kwa nusu. Wazee nimewaambia shamba waliache. Dogo kanuna, ila kaanza kusoma Kiingereza.

Mnyaturu Fundi

Mimi nina miaka 43, fundi umeme wa magari Singida mjini, vyeti vya VETA ninavyo. Kwa Australia nimechelewa?

Fundi Mitambo

Kwa kawaida unatakiwa uwe chini ya 45 siku unapowasilisha ombi la ukaazi, siyo siku unapotua. Ukianza na 482 sasa hivi, hadi uingie, ufanye kazi miaka 2 na upendekezwe, umeshapita. Kwako ni ile ya moja kwa moja au uangalie nchi nyingine. Anza na tathmini ya ujuzi, inafanywa na TRA, siyo hawa wa kodi, ni Trades Recognition Australia. Watataka ushahidi wa kazi mwaka kwa mwaka: barua za waajiri, hati za mishahara, picha ukiwa kazini. Gereji uliyowahi kulipwa mkononi bila karatasi, mfuate mwenyewe akuandikie barua kabla hajafunga.