Ushauri: watoto 48 wa Mwanza kubadilishana michoro na watoto 21 wa Ufini

MwalimuZiwani
Wakuu habarini. Darasa la Tano hapa Mwanza, watoto 48, wanataka kubadilishana michoro na barua fupi na wenzao 21 wa Tampere, mji dada wetu. Kalamu za nta zipo, rangi za maji kidogo. Tutumeje, na hiyo 48 kwa 21 tunaimalizaje bila mtoto kukosa jibu?

Kalamunta
Mwalimu, anza na hesabu, ndiyo inayoua mipango hii. Mtoto akikosa jibu, awamu ya pili humpati. Gawa makundi 21: 15 ya watoto wawili, 6 ya watoto watatu. Kila mmoja achore wake, ila kwenye A5, yaani A4 iliyokatwa katikati. Mtoto wa Tampere anapokea picha mbili au tatu, anajibu kundi lake kwa kuwataja wote majina.

A5 inaokoa pesa pia. Karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba (ile ngumu ya kava la ripoti) ikikatwa A5 ina gramu 5, kwa hiyo 48 ni gramu 240. Kati ya picha na picha weka karatasi nyeupe ya kawaida, zote pamoja ni gramu 120 nyingine. Ongeza kipande cha boksi mbele na nyuma na bahasha ya C4 (ile inayoingia A4 bila kukunjwa), bado uko chini ya gramu 500. Ukivuka hapo inahesabika kifurushi na bei inabadilika. Unene usizidi sentimita 2, hivyo panga safu mbili ubavu kwa ubavu.

Za kutenganishia zisiwe gazeti! Nta ikipata joto inalainika na kuvuta wino, mbuzi aliyechorwa na mtoto anafika Ulaya ana matokeo ya mpira mgongoni. Picha za rangi za maji zikauke usiku kucha, kisha zilale siku nzima chini ya rundo la vitabu, la sivyo zinajikunja. Rangi ya mafuta ya Tingatinga achana nayo: juu inaonekana imekauka, chini bado, picha zinagandana.

Kaunta_ya_Posta
Tumeni michoro na barua tu. Msibandike maharage, majani makavu, manyoya wala makombe ya ziwani. Mbegu moja inatosha bahasha nzima kuzuiwa forodhani. Mkitia hata bangili, barua inageuka bidhaa na itabidi mjaze fomu ya forodha, CN22. Tumeni kwa rejista, namba inaanza na R na kuishia TZ. Risiti ipigeni picha. Nyuma ya bahasha iandikwe S.L.P. ya shule, si simu ya mzazi.

BiSanaa
A5 na kalamu nene za nta hazipatani. Mtoto anachora kichwa, miguu inakosa pa kukaa. Wachore kwanza kwa penseli, na nta zichongwe.

Mada nayo muhimu. Ukiwapa "Nchi yangu" utavuna twiga 48. Wape "njia ya kuja shule" au "nilichokula jana usiku", dagaa na ugali watatoka wenyewe, na wale wa kule watakuwa na la kuuliza.

Nyuma ya picha jina la kwanza na umri tu, kwa penseli, maana kalamu ya wino mzito inapenya upande wa pili. Ruhusa ya wazazi isainiwe kabla. Piga picha kila mchoro kivulini karibu na mlango, bila flashi, uwe na akiba bahasha ikipotea. WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa.

Shule za Ufini hufungwa mwanzoni mwa Juni hadi katikati ya Agosti. Bahasha itoke mapema Februari.

MwalimuZiwani
Asanteni sana. Tukitaka waonane kwa video, saa zinapishanaje?

Kalamunta
Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba saa zao na zetu ni zilezile. Miezi mingine wako nyuma saa moja. Ila mkipanga saa nne asubuhi, kwenye ujumbe andika 10:00. Ukitafsiri "saa nne" neno kwa neno, watawasha kompyuta saa kumi jioni.