Naomba ushauri: Hilux ya zamani, mbele imelala

Wakuu habari zenu. Nina Hilux dabo kebini ya 1994, 4x4. Mbele ni ile ya toshenibaa (fimbo ya chuma inayojipinda na kufanya kazi ya springi), siyo ekseli nzima yenye springi za majani. Tangu nifunge bampa ya chuma na winchi, pua imelala, kwenye makorongo inagonga mpaka usukani unaruka mkononi.

Fundi alinishauri tukaze bolti za toshenibaa. Gari limenyanyuka kweli, ila ugumu wa springi ni uleule, umebadilika urefu tu. Sasa mikono ya juu inayoshikilia tairi karibu inalalia vile vizuizi vya mpira, tairi halina pa kushuka likikuta shimo. Pembe za drafti (shafti zinazozungusha tairi za mbele) nazo zimekuwa kali, buti za sivijointi (mifuko ya mpira inayofunika viungo vya drafti) zinakunjana. Buti ikichanika, grisi nje mchanga ndani, mnajua kinachofuata.

Nafikiria kufunga toshenibaa nene zaidi na shokapu mpya, niinue kama sentimita 4 basi. Waliofanya hivyo: gari likiwa tupu linakuwa gumu kupita kiasi? Na kwa kimo hicho kuna haja ya kushusha difu ya mbele (boksi la gia linalozungusha drafti) ili pembe zipungue?

Bushi na boljointi nabadilisha kwanza, hapo sina ubishi, na alaimenti nitapima mwishoni. Wa kuniambia nihamishie ekseli nzima nawaheshimu, ila gari ni la kazi, sitaki kukata chesisi.