Kioo cha gari kimegoma kupanda: tupeane uzoefu

Wadau, kioo cha dereva kwenye Toyota Fielder yangu kimekwama chini tangu jana, na mawingu ya Nairobi mnayaona. Fundi amesema "nunua mota" kabla hata hajagusa mlango. Waliopitia haya, mlianzia wapi?

Kasarani Dereva: Anza na masikio. Zima redio, bonyeza swichi. Mota ikinguruma na kioo hakisongi, umeme unaifikia mota. Mara nyingi kilichoharibika ni regyuleta, yaani mtambo unaoinua kioo. Ikiwa kimya, washa taa ya ndani uitazame ukibonyeza. Ikififia, umeme unafika ila kuna kitu kimekwama. Isipofifia, umeme haufiki: kagua fyuzi, kisha swichi, kisha waya.

Mama wa South B: Vioo vyangu vyote vya abiria viligoma kwa pamoja. Kumbe kijana wangu alikuwa amebonyeza kile kitufe cha kufunga madirisha mlangoni kwa dereva. Nilicheka peke yangu kwenye foleni ya Mombasa Road.

Fundi wa Waya: Kasarani, umesema vyema, ila brashi za mota (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake) zikiisha taa pia haififii, hata kama umeme umefika. Kwa hiyo pima. Toa kava ya mlango, weka tester kwenye plagi ya mota, mtu abonyeze. Volti 12 zipo na mota imenyamaza? Ni mota. Hakuna kitu? Fungua ule mpira wa waya karibu na bawaba. Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko yote, waya hukunjwa hapo mpaka shaba inakatika huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Vuta kila waya polepole, uliokatika utarefuka. Na tafadhali, uliokatika uchomewe kwa risasi ya kuunganishia waya, si kusokotwa na kufungwa selotepu.

Mzee wa Probox: Bonyeza huku unagonga mlango kwa ngumi. Kikishtuka, huenda brashi zimeisha. Usiku wa mvua mbinu hiyo itakufikisha nyumbani.

Mwenye mada: Nimepima, volti 12 zipo, taa haififii. Nimegonga, kikapanda nusu kikasimama. Kumbe yule fundi alibahatisha! Kesho naenda Grogan, kwa wauza vipuri, kununua mota.

Mzee wa Probox: Sema ni ya mlango wa kulia, na ijaribiwe kwenye betri hapo hapo kabla hujatoa pesa.