Kuimba nyimbo za imani ya kale kwa sauti iliyonyooka: je, nadanganya?

AltoWaMachame

Wapendwa, nina swali lililoninyima usingizi tangu mwanzoni mwa mwezi wa tano. Naomba sana anijibu mtu aliyewahi kuimba.

Naishi Vilnius, Lituanya, huu mwaka wa tatu. Nimekulia kwenye kwaya ya Kilutheri Machame, alto tangu darasa la sita, na solfa naisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Kazini kwangu kuna mama mmoja anayeimba sutartinės, nyimbo za kale za wanawake wa kaskazini-mashariki ya nchi hii. UNESCO waliziingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2010. Ziko za watu wawili, za watatu na za wanne. Zile za watatu ni za kupokezana: wa kwanza anaanza, akimaliza kipande chake anaingia wa pili, kisha wa tatu, na muda wote wawili wanaimba huku mmoja akivuta pumzi. Mwenzao mmoja amehamia Kaunas, nikaombwa nishike nafasi yake.

Sasa sikilizeni. Sauti mbili zinakutana kwenye do na re. Aliye na kinanda karibu abonyeze do na re kwa pamoja, ashikilie. Kwetu mwalimu angesimamisha mazoezi aulize nani amepotea. Hawa ndicho wanachokitafuta! Na jina la nyimbo zenyewe linatokana na neno lao lenye maana ya kupatana.

Siku ya kwanza niliimba nilivyozoea: macho nimefumba, mwisho wa mstari natetemesha sauti kidogo. Yule mama akainua mkono. Akasema nifumbue macho, ninyooshe sauti kama uzi wa kitani, nisiongeze nguvu wala kupunguza, nisipambe chochote. Tukasimama watatu tukitazamana, nyuso karibu zigusane. Nilipoinyoosha, kitu kikaanza kuvuma katikati yetu, mvumo wa harakaharaka kama nyuki aliyeingia sikioni, na haukuwa ukitoka kooni mwa yeyote kati yetu. Nikitetemesha, unakufa. Nilijaribu mara nne ili nihakikishe.

Shida iko hapa. Nyingi ni nyimbo za kazi, za harusi, za majira, na hizo sina neno nazo. Lakini mama huyu na wenzake ni watu wa Romuva, walioirudia imani ya Wabalti wa kale. Nchi hii ilibatizwa mwaka 1387, nyuma ya karibu Ulaya yote. Nyimbo hizi wanaziimba pia mbele ya moto, wakimlisha chumvi Gabija, mungu wa kike wa moto. (Neno letu “mpagani” hutoka mdomoni kama tusi, nimeacha kulitumia kwao.) Usiku wa Rasos, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, mwezi wa sita, wanakwenda kwenye vilima vya Kernavė, na wanataka niwe nao.

Mimi nimelelewa kwamba ukweli wa mwimbaji unasikika: sauti inakatika, machozi yanakuja, tunasema ameimba kwa upako. Hawa wameviondoa vyote hivyo, na bado wanaamini kwa dhati. Nami nisiyeamini, nikinyoosha sauti vizuri, hakuna atakayetambua tofauti. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimesikiliza pia vikundi vya Skandinavia, wanaonong’ona na kukoroma kwa koo juu ya ngoma nzito na mwangwi mwingi. Vilinisisimua, ila nilihisi ninaonyeshwa imani. Kwa hawa wa Vilnius sikuonyeshwa kitu. Mkweli ni nani hapo?

Mwl_Besi

Dada, nimefundisha kwaya miaka kumi na tisa. Nimeona watu wanaolia na maikrofoni Jumapili na hawasalimiani Jumatatu, kwa hiyo sitakwambia machozi ni ushahidi. Lakini sikubali kwamba sauti kavu ndiyo safi. Sauti iliyonyolewa hisia ni ubao tu. Zaburi zimejaa watu wanaolalamika, wanaopiga kelele, wanaouliza Mungu amewatupa mpaka lini. Hiyo huwezi kuiimba kwa uzi wa kitani.

Swali lako mimi nalipeleka kwenye maneno. Wanakwaya wangu wakiletewa wimbo wa lugha wasiyoijua, hawafungui mdomo kabla haujatafsiriwa mstari kwa mstari. Kisha kila mmoja ausome kwa kusema, bila tuni. Tuni inabeba mtu. Ukiimba unaweza kukiri jambo ambalo ungekataa kulitamka umekaa mezani. Kaa na huyo mama, tafsirini. Mstari usioweza kuutamka ukiwa na akili zako timamu, usiuimbe.

AltoWaMachame

Mwalimu, asante, nilifanya hivyo jana usiku. Wimbo mmoja tunaojifunza, wa kitani, unasema tu kitani kinapandwa, kinang’olewa, kinapondwa, kinafumwa. Ila viitikio havitafsiriki. “Sadauto”, “lylio”, “ratilio”: nilimuuliza maana, akasema ndiyo hayohayo. Nusu ya wimbo ni maneno ambayo hata wao hawawezi kuyatamka mezani kwa maana yoyote, na hapo ndipo sauti zinapogongana vizuri kuliko pote. Kipimo chako kinanisaidia kwenye beti. Kwenye kiitikio kinaniacha njiani.

Mkenya_Bergen

Sasa dada. Wacha niwatetee hao wa kunong’ona, maana niko Norwei na nimesimama mbele ya jukwaa lao. Kikundi chao maarufu, Wardruna, kilianzishwa mwaka 2003, na kiongozi wake Einar Selvik alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya metali kali kabla ya hapo. Hadai kwamba anafufua muziki wa Waviking jinsi ulivyokuwa, na angedai vipi? Hakuna tuni hata moja ya enzi ile iliyoandikwa. Ile kongwe ya kidunia inayojulikana huku Skandinavia ni mistari michache ya noti mwishoni mwa kitabu cha sheria cha Denmark kilichoandikwa kwa runi, herufi za kale za huku, karibu mwaka 1300. Wakati huo Wadenmark walikuwa wamebatizwa zamani.

Kwa hiyo hali zao ni tofauti. Hao mama zako walikuta wimbo. Mtafiti wao Slaviūnas alichapisha sutartinės zaidi ya elfu moja, juzuu tatu, 1958 na 1959. Tuni ipo, kazi yao ni kutoiharibu. Selvik hakuachiwa tuni. Ameachiwa mashairi, majina ya runi na vinubi vya makaburini, halafu inabidi koo lake lijaze pengo. Mtu aliyeachiwa pengo lazima atafute, na kutafuta kuna sauti yake. Mnong’ono ule mimi nausikia kama wa mtu anayeogopa kukosea. Usimhukumu kwa mwangwi.

Lakini nakubaliana nawe kuhusu wengi waliomfuata. Wameiga koo, hawakuiga miaka ya kusoma.

Maskati_Mzalendo

Naongeza kidogo tu. Karne ya 10 msafiri wa Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, Ibrahim bin Yaqub al-Tartushi, alifika Hedeby, mji wa biashara wa Wadenmark. Aliandika kwa Kiarabu kwamba hajawahi kusikia uimbaji mbaya kuliko wa watu wale: mngurumo utokao kooni, kama mbwa wanavyobweka, na zaidi ya hapo. Yeye alikuja na masikio ya Andalusia. Wale waliokuwa wakinguruma huenda walikuwa na unyenyekevu kamili mbele ya miungu yao, naye hakusikia hata chembe. Sikio la mgeni lisiwe hakimu, dada, hata likiwa lako.

Bi_Mkunazini

Mwanangu, bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kibuki. Wenye asili ya Unguja wanajua: pepo wa asili ya Bukini (Madagaska), wanapigiwa akodioni na kayamba mpaka alfajiri. Sisi watoto wa kike tuliwekwa pembeni tuitikie. Maneno yalikuwa ya Kibuki, hatukujua hata moja. Hakuna aliyetuuliza kama tunaamini. Tuliulizwa kama tumeoga, na kama tumegombana na mtu siku ile. Aliyegombana hakuitikia.

Baba yangu hakupenda. Yeye alikuwa mtu wa dhikri, na huko nako nilimsikia khalifa akimnyamazisha kijana mwenye sauti nzuri kuliko wote, kwa kuwa alikuwa akiirefusha mpaka watu wakageuka kumtazama. Alimwambia apunguze, wenzake wapate pumzi. Nyumba mbili zisizopatana kwa lolote, lakini mwitikiaji zilimtaka jambo moja: asijitokeze mbele ya kinachoitwa.

Huyo mama aliyekwambia ufumbue macho hakukunyima hisia. Alikuondoa wewe katikati ili mwenzako aingie. Ila mimi sikwambii uende kwenye moto. Kuitikia ni kitu kimoja, kuweka chumvi ni kingine. Nilipofika miaka kumi na minne bibi alinipa kibakuli cha asali nikiweke mbele ya kiti, yaani mtu aliyepandwa na pepo. Nilimwambia siwezi. Alikichukua mwenyewe, akanirudisha kwenye mkeka niitikie.

AltoWaMachame

Shikamoo Bi. Nimesoma maneno yako nikiwa kwenye basi, nikapitiliza kituo.

Nilikwenda kwa yule mama jana na mkate wa ndizi niliooka. Nikamweleza wazi: wa kitani ndiyo, wa harusi ndiyo, wa kumwamkia Gabija hapana, na chumvi sitaishika. Nilidhani atakasirika. Watu hawa imani yao imewagharimu. Aliyekuwa kuhani wao mkuu, Jonas Trinkūnas, aliondolewa chuo kikuu mwaka 1973 enzi za Wasovieti, na bunge limewatambua rasmi Desemba 2024 tu, baada ya kesi waliyoshinda mwaka 2021 kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mtu aliyelipa hivyo ana haki ya kukasirika mgeni anapochagua vipande.

Hakukasirika. Aliniambia bibi yake aliimba ule wa kitani shambani rozari ikiwa mfukoni, na hakuona ugomvi. Halafu akasema ule wa Gabija wataimba wawili, upo unaokwenda kwa wawili, mimi nisimame na watoto nje ya duara.

Mwl_Besi, zaburi zako bado naziimba kwa kutetemesha, na Jumapili hapa kanisani nililia kwenye ubeti wa tatu. Sioni kama nimegawanyika. Ila nimegundua kuwa huko nilikuwa nikijisikiliza ninavyolia, na sikuwa nikijua hilo kabla ya mwezi wa tano.

Jana tuliimba ule wa kitani mara sita. Mara ya tano mvumo ulikuja tangu kiitikio cha kwanza na haukukatika mpaka mwisho. Jirani wa juu alifungua dirisha, akasikiliza, akaliacha wazi.

Alhamisi tunarudia. Nimeambiwa Kernavė kuna baridi hata mwezi wa sita, nije na koti.