Ashuru ni fimbo ya Mungu. Mbona tena inaadhibiwa?

Msomaji wa Isaya:
Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Katika jumuiya yetu tunasoma kitabu cha Isaya, na sura ya 10 imetukwamisha. Mungu anaiita Ashuru, dola ya kale iliyowashambulia Waisraeli, fimbo ya hasira yake, kisha mistari michache baadaye anaahidi kuadhibu kiburi cha mfalme wake. Ikiwa mfalme alitenda alilotumwa, kosa lake ni lipi? Na sisi tunaokiri kwamba Mungu ndiye atawalaye mataifa, je, tunalazimika kuliita kila tendo la mtawala mapenzi yake?

Mzee wa Kanisa:
Ndugu, tazama mstari wa 7, ambao wengi huupita mbio: mfalme mwenyewe hakuwa na kusudi hilo, bali moyoni mwake alinuia kuangamiza mataifa mengi. Anahukumiwa kwa nia yake na majivuno yake, si kwa utumishi ambao hata hakuujua. Ndiyo maana katika mstari wa 15 nabii anauliza kama shoka laweza kujisifu juu ya mtu anayelitumia.

Mpenda Historia:
Naongezea habari za Koreshi, mfalme wa Uajemi. Isaya 45 inamwita masihi wa Bwana, yaani mtiwa mafuta wake, na papo hapo inamwambia mara mbili kwamba hakumjua Mungu. Katika British Museum, London, imo silinda ya udongo iliyochimbuliwa Babeli mwaka 1879, ambayo ndani yake Koreshi, aliyeutwaa mji huo mwaka 539 KK, anadai kuwa aliyemchagua ni Marduki, mungu wa Babeli. Sifa alimpa mwingine, na Wayahudi wakaruhusiwa kurudi Yerusalemu vilevile. Mimi hilo hunifariji kuliko kama angeongoka kwanza.

Mama wa Maombi:
Nawashukuru, ila tusimkimbilie Koreshi upesi hivyo. Tangu Yerusalemu ilipobomolewa na Wababeli mwaka 586 KK hadi Babeli kuanguka, ilipita miaka 47, na wengi waliochukuliwa mateka walizikwa ugenini. Nabii Habakuki alipoambiwa kwamba Wakaldayo, yaani Wababeli hao, wanakuja hakunyamaza. Alilalamika mara ya pili, akiuliza kwa nini Mungu amnyamazie mwovu anayemmeza aliye na haki kuliko yeye, ndipo akasimama katika zamu yake kungoja jibu. Alimwamini Mungu, na uovu akauita uovu.

Msomaji wa Isaya:
Asanteni sana. Jumatano nitaanza na mstari wa 7, na kwa ruhusa yako, Mama, nitamsogeza Habakuki, ambaye tulikuwa tumempangia mwezi ujao.