Diwani ya mashairi imeshinda tuzo, dukani naulizwa ni ya kidato cha ngapi!

Wakuu, nimerudi nyumbani na hasira.

Jumamosi nzima nimezunguka Mwanza natafuta diwani iliyoshinda tuzo. Duka la kwanza, hata sijamaliza kutaja jina, muuzaji kanidaka: "Ni ya kidato cha ngapi?" Nikamwambia si ya shule, nataka kuisoma mwenyewe. "Vya hivyo hatuleti." Akamgeukia mteja mwingine. Duka la pili, swali lilelile.

La tatu nikaona vitabu vitatu vya mashairi, rafu ya chini kabisa, nyuma ya mikebe ya hesabu na rimu za karatasi. Vyote vimefungwa nailoni. Naomba kimoja nisome japo ubeti, nakatazwa: "Ukifungua umenunua." Shairi nitalinunuaje sijasikia hata mizani yake? Kanga tu tunaikunjua tusome jina kabla ya kulipa!

Na kazi zipo. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianza kutolewa 2015, riwaya na mashairi, na Mkuki na Nyota wakachapisha baadhi ya washindi. Tangu 2023 ipo pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Siku ya tuzo picha zinajaa mitandaoni. Ukija huku mikoani kukiulizia kitabu chenyewe, hakuna anayekijua.

Mniambie wachapishaji hawaleti? Rafiki yangu anachapa riwaya kwa hela yake mwenyewe, nakala mia tatu. Maduka yanachukua kwa mali kauli, yaani walipe wakishauza, kulipa sasa ni njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi. Mwaka mzima! Duka moja lilimrudishia nakala zimetafunwa na mende, na hela za zilizouzwa hajaziona. Ndiyo maana siku hizi anauza WhatsApp tu na kutuma kwa basi. Diwani yangu nayo nimeiagiza Dar hivyohivyo: kitabu elfu kumi na tano, basi elfu tano.

Wenye maduka mnaopita hapa, tengeni rafu moja. Fungueni nakala moja watu waonje. Na mwiteni leo yule aliyewaachia mzigo, mumlipe.

Na wewe wa Mwanza unayejua duka lenye riwaya na mashairi mapya, litaje hapa. Jumamosi ijayo niko mlangoni.